Fedha za Kuachishwa Kazi Si Mtaji, Ni Muda

Mazungumzo na wananchi kuhusu kutafuta kazi upya katika umri wa makamo



Sisi ni watumishi wa ofisi ya umma inayoshughulikia haki za mlaji, na wengi wetu ni wadogo zenu kwa umri. Hatukuja kumfundisha kazi mtu aliyeianza kabla sisi hatujajua kusoma. Tumekuja kuzungumza juu ya jambo tunalolifahamu kwa kuwa hufika mezani kwetu, nalo ni yale yampatayo mtu mzima aliyepunguzwa kazini, siku anapoacha kuwa mfanyakazi wa mtu mmoja na kuwa mteja wa watu wengi.

Huenda mtauliza: aliyepoteza kazi ananunua nini? Ananunua mengi. Hununua huduma ya wakala wa ajira, kozi ya wiki sita, mkopo wa simu, vifaranga mia tatu, na nafasi katika mradi asiomjua mwenyewe. Hununua kwa haraka na kwa hofu, na mara nyingi kwa siri, kwa sababu nyumbani bado hajasema. Mfa maji haachi kutapatapa. Wafanyabiashara wasio waaminifu wanalijua hilo, na wakati mwingine humpigia simu kabla ya ndugu zake.

Neno letu la leo ni hili. Fedha anazolipwa mtu anapoachishwa kazi ni muda wa kuishi huku akitafuta. Mtaji wake ni ujuzi aliotoka nao kazini. Anayeufanya muda kuwa mtaji, akausahau ujuzi, huweza kuvipoteza vyote viwili.

Ili tuelewane, tuchukue mfano. Yuko mtunza ghala wa kiwanda kimoja katika Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ana umri wa miaka 46. Amefanya kazi hapo miaka 14, analipwa kwa mwezi, na ujira wake wa msingi ni shilingi 780,000, sawa na shilingi 30,000 kwa siku 26 za kazi. Kiwanda kimepunguza wafanyakazi naye yumo. Mtu huyu tumemtunga sisi, lakini sheria zinazomhusu ni za kweli, na tutatembea naye hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: dai kilicho chako kabla ya kununua cha mwingine

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kuamka asubuhi akabandika orodha ya majina ukutani. Anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu za uendeshaji anapaswa kutoa taarifa, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka au kupunguza upunguzaji huo, namna ya kuwachagua watakaoondoka, na malipo yao.

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku zisizopungua 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo, kwa aliyetimiza angalau miezi 12 ya utumishi mfululizo, ni ujira wa msingi wa siku zisizopungua saba kwa kila mwaka uliokamilika, na sheria inaweka ukomo wa miaka kumi. Kwa hiyo miaka 14 ya mtunza ghala wetu itahesabiwa kama kumi, isipokuwa mkataba wake au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yameweka kiwango kizuri zaidi. Hii ndiyo sababu ya kuusoma mkataba upya siku hiyo, hata kama haujafunguliwa tangu mwaka uliotiwa saini. Zaidi ya hayo, anadai ujira wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na hati ya utumishi. Kama aliajiriwa mahali tofauti na anapofanyia kazi, aulizie pia haki ya usafiri wa kurudi alikoajiriwa.

Hati ya utumishi ni karatasi moja tu, na wengi huondoka bila kuichukua kwa sababu ya hasira. Msifanye hivyo. Mwajiri mpya hatawajua kwa hasira zenu, atawajua kwa karatasi hiyo. Tena msitie saini maelewano yoyote yanayosema kwamba hamna madai mengine kabla ya kuyasoma nyumbani kwa utulivu, na msiache kuchukua nakala.

Mtu anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine, kama ya malipo, ina siku 60. Siku hizi hupita upesi, kwa kuwa ndizo siku ambazo mtu bado amejifungia ndani akijiuliza alikosea nini. Andikeni tarehe ya kuachishwa kwenye kalenda, na mhesabu tangu hapo.

Hatua ya pili: geuza shilingi kuwa miezi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumfungulie mtunza ghala wetu daftari.

Kiinua mgongo ni siku saba mara miaka kumi, yaani siku 70, mara shilingi 30,000: jumla shilingi 2,100,000. Notisi aliyolipwa bila kuifanyia kazi ni shilingi 780,000. Likizo ya siku tisa iliyobaki ni shilingi 270,000. Kwa pamoja ni shilingi 3,150,000, kabla ya makato yoyote ya kisheria.

Ukiziona kwa pamoja, fedha hizi zinaonekana nyingi. Huenda hajawahi kuwa na kiasi hicho mkononi kwa siku moja. Lakini tuulize swali la pili: nyumba yake hutumia kiasi gani kwa mwezi? Tuseme, baada ya kukaa na mwenzake na kupunguza kinachopunguzika, ni shilingi 525,000 kwa kodi, chakula, nauli na ada. Gawanya. Anayo miezi sita.

Sasa kila kitu anachouziwa kina bei mbili, moja ya shilingi na nyingine ya siku. Wakala anayedai shilingi 450,000 ili amtafutie kazi anadai zaidi ya siku 25 za matumizi ya nyumba yake. Mradi wa kuku wa shilingi 2,000,000 unambakizia shilingi 1,150,000, yaani miezi miwili na siku chache, na ndani ya muda huo kuku hao wawe wamekua, wamepona maradhi, na wamepata mnunuzi. Hatusemi kuku hawalipi. Wapo wanaofuga wakafanikiwa. Tunasema tu kwamba mtu ambaye hajawahi kufuga asijifunze kufuga kwa fedha za kodi ya nyumba.

Hesabu hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja kwa siri. Wako wanaume na wanawake ambao huendelea kutoka nyumbani kila asubuhi wamevaa nguo za kazi, wakashinda kwa marafiki, wakarudi jioni. Tunaielewa aibu hiyo na hatuicheki. Lakini nyumba isiyojua kwamba mshahara umekatika haiwezi kupunguza matumizi, na kila wiki ya kimya inakula sehemu ya ile miezi sita.

Hatua ya tatu: tazama michango yako ya hifadhi ya jamii

Mtunza ghala wetu amechangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kwa miaka 14. Hiyo ni miezi 168. Pensheni ya uzeeni inahitaji angalau miezi 180 ya michango, na umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima miaka 60. Anapungukiwa miezi 12 tu. Mwaka mmoja wa michango unamtenganisha na malipo ya kila mwezi ya uzeeni.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kuchukua chochote alichochanga, aende ofisi ya mfuko akaulize mambo matatu. Kwanza, je, mwajiri aliwasilisha michango yote ya miezi 168, au kuna miezi aliyokatwa bila fedha kufika? Pili, je, anastahili fao la kukosa ajira, ambalo lipo kwa mwanachama aliyeachishwa bila hiari yake na kutimiza masharti, nalo hulipwa kwa muda maalumu? Tatu, atawezaje kuendelea kuchangia ikiwa atajiajiri, kwa kuwa mlango wa waliojiajiri upo wazi? Majibu ya maswali hayo hayauzwi. Anayedai fedha ili akufuatilie mafao yako anauza kitu ambacho ni haki yako.

Hatua ya nne: kazi hainunuliwi

Wakala halali wa ajira hulipwa na mwajiri anayemtafutia mfanyakazi. Kwa hiyo mtafuta kazi anapotakiwa kulipia fomu, usaili, sare, vipimo vya afya au “kifunguo cha faili”, na fedha hizo zitumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hapo hapana kazi. Asimame, asitume.

Serikali inacho chombo chake cha huduma za ajira, ambacho husajili watafuta kazi, huwapa ushauri na kuwaunganisha na waajiri bila malipo. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kuomba hakuna ada. Atakayesema anajua mtu ndani huko, muulizeni kwa nini mtu huyo anahitaji fedha zenu.

Tahadhari iwe kubwa zaidi kwa kazi za ng'ambo, hasa nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi huenda. Thibitisheni leseni ya wakala kwa mamlaka za kazi, pateni mkataba ulioandikwa kwa lugha mnayoielewa kabla ya kusafiri, na msikabidhi pasi ya kusafiria kwa mtu ambaye ofisi yake hamjaiona.

Jambo jingine ni umri. Mtaona matangazo yanayotaka “wasiozidi miaka 35”. Fahamuni kwamba sheria ya ajira inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, na umri umo katika orodha hiyo, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Mwajiri anaruhusiwa tu kuweka sharti ambalo kazi yenyewe inalihitaji kwa dhati. Hatuwaahidi kwamba kila tangazo litabadilika kesho. Tunawaambia ili msikubali kuamini kwamba miaka 46 ni kosa.

Hatua ya tano: jihadhari na fedha za haraka

Simu inaweza kumpa mtu mkopo kwa dakika tano bila kumuuliza atalipaje. Mitaani mikopo ya aina hii imepewa jina lake, “kausha damu”, na jina halikukosewa. Riba yake huhesabiwa kwa siku au wiki, na baadhi ya wakopeshaji huchukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, kisha huwatumia jamaa na marafiki zake ujumbe wa kumfedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila idhini. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, angalieni kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na kama jumla mtakayolipa, siyo riba peke yake, imeandikwa wazi.

Upatu haramu nao huwapenda waliolipwa viinua mgongo. Alama yake ni moja: faida ya mwanachama wa leo inatoka katika mchango wa mwanachama wa kesho, na hakuna bidhaa wala kazi inayoleta faida hiyo. Sheria inaufanya mchezo huo kuwa kosa la jinai. Tofautisheni na kikoba chenu cha mtaa, ambacho wanachama hufahamiana, hukutana, na daftari husomwa mbele ya wote. Vikundi vya namna hiyo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Hatua ya sita: upe ujuzi wako jina jipya

Sasa tufike kwenye mtaji wenyewe. Mtunza ghala wetu akiulizwa anajua nini, hujibu, “Mimi nilikuwa mtunza ghala tu.” Neno hilo “tu” linamgharimu sana. Tumuulize upya: kila siku ulifanya nini? Nilipokea mizigo, nikaipima, nikailinganisha na hati ya mzigo. Niliandika leja. Nilisimamia wapakiaji. Nilihesabu mali mwisho wa mwaka mbele ya wakaguzi. Nilijua dalili za unyevu, panya na wizi.

Huyo si mtunza ghala wa kiwanda kimoja. Ni mtu anayeweza kulinda mali ya wengine na kuitolea hesabu, na watu wanaohitaji hilo ni wengi kuliko viwanda. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo wanapoteza bidhaa kwa kukosa hesabu. Hoteli, hospitali na shule za bweni zina stoo. Na tangu Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, mazao kama korosho ya Mtwara na Lindi hukusanywa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, hupimwa, huhifadhiwa ghalani na kuuzwa kwa mnada. Mkulima wa huko anamtegemea mtu wa mizani na leja kuliko anavyomtegemea mtu mwingine yeyote. Kazi ya msimu mmoja huko si ajira ya kudumu, lakini inaongeza mwezi kwenye daftari, na jina jipya kwenye wasifu.

Kwa hiyo, katika wasifu, andikeni kazi mlizozifanya, msiandike cheo peke yake. Kurasa mbili zinatosha. Tangulizeni miaka kumi ya mwisho. Kisha waambieni watu. Waliokuwa wenzenu kazini, wateja wa zamani, madereva waliokuwa wakileta mizigo, wanachama wa SACCOS, waumini wenzenu: hao wamewaona mkifanya kazi, na ushahidi wao una uzito kuliko barua mia zinazotumwa kwa wasiowafahamu.

Mshahara wa kwanza unaweza kuwa mdogo kuliko ule wa zamani. Si fedheha. Ila kabla ya kukubali, ombeni mambo matatu yaandikwe: kazi yenyewe na muda wa mkataba, siku ya kulipwa, na uwasilishaji wa michango ya hifadhi ya jamii. Kwa mtu anayebakiza michango 12, mshahara mdogo wenye michango unaweza kuwa bora kuliko mkubwa usio nayo.

Hatua ya saba: nunua mafunzo kama unavyonunua kiatu

Wapo watakaohitaji kusoma tena. Ni jambo jema, na halina umri. Lakini kiatu hupimwa kabla ya kulipiwa. Anzeni na mwajiri: nendeni kwa watu watatu wanaoajiri katika kazi mnayoitaka, muwaulize cheti gani wanakiheshimu. Kisha hakikisheni kwamba chuo kimesajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Cheti kinachotolewa na chuo kisichotambuliwa ni karatasi ya ghali.

Kwa fundi aliyejifunza kazini bila cheti, iko njia fupi. VETA hupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na kuurasimisha, ili fundi wa magari, mwashi, mpishi au seremala aliyefanya kazi miaka ishirini apate cheti cha kile anachokijua tayari, bila kuanza darasani kama mtoto. Ulizeni katika chuo cha VETA kilicho karibu nanyi.

Mwalimu anayeahidi kwamba kozi yake “inahakikisha ajira” aandike ahadi hiyo, aitie saini na muhuri. Akikataa, mmepata jibu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kuwapotosha wateja kuhusu bidhaa na huduma wanazouza, na mafunzo ni huduma.

Ndugu zetu, kabla ya kutoa shilingi yoyote katika miezi hii, tunawaomba mjiulize maswali manne. Inanigharimu siku ngapi za nyumba yangu? Nani anatambua leseni au usajili wa anayeniuzia? Je, ninaweza kuipata bure kutoka chombo cha umma? Na je, inaongeza ujuzi nilionao, au inanifanya mgeni katika kazi nisiyoijua? Swali moja likikosa jibu, ahirisheni siku tatu. Ofa ya kweli itakuwapo bado.

Na kama mmeshalipa mkagundua mmedanganywa, tunzeni risiti, ujumbe wa simu na jina la aliyepokea, mje mapema. Msione haya mbele yetu. Ofisi ipo kwa ajili hiyo, na kila malalamiko yanayoletwa husaidia kumzuia mdanganyifu huyo asimfikie mwingine aliyeachishwa kazi wiki iliyofuata.